Mbunge Aliyewatoa Akina Mama Migodini

Kwa zaidi ya miaka sabini bwana mmoja wa ukoo mkubwa huko Uingereza alitembea na saa ile ile ya dhahabu. Alikuwa na uwezo wa kupata nyingine, na ndugu zake walikuwa na saa za fahari kuliko hiyo. Lakini yeye hakuiacha. Mtu akimuuliza habari zake, alijibu kwamba alipewa na rafiki bora kuliko wote aliopata kuwa nao duniani.

Mpendwa msomaji, rafiki huyo hakuwa mfalme wala waziri. Alikuwa mtumishi wa nyumbani. Jina lake lilikuwa Maria Millis, na mwenye saa alikuwa Anthony Ashley Cooper, ambaye historia inamjua zaidi kwa cheo chake cha baadaye, Lord Shaftesbury. Alikaa katika Bunge la Uingereza karibu miaka sitini. Katika muda huo, wanawake na watoto waliotumikishwa kama punda walipata mtu wa kuwasemea.

Mwezi huu tumeona vema tuwaletee habari za mbunge huyu. Mara nyingi tunapozungumza juu ya waheshimiwa wetu, tunazungumza kwa kulalamika, na sababu za kulalamika tunazo. Lakini ni vizuri pia tujue mbunge mwema anafananaje, ili tukimwona tumtambue. Tena ni vizuri tujue mtu wa namna hiyo anatengenezwa wapi.

NYUMBA YENYE KILA KITU

Ashley alizaliwa London tarehe 28 Aprili 1801. Mama yake alikuwa binti wa mtawala wa jumba la Blenheim, mmoja wa wakuu wa nchi. Baba yake alikuja kuwa mkuu wa ukoo wa Shaftesbury, wenye mashamba makubwa katika jimbo la Dorset. Nyumba ilikuwa na vyumba vingi, watumishi wengi na chakula kingi. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni upendo.

Wazazi hawa walikuwa wakali na wa baridi kwa watoto wao. Baba alikuwa mtu wa kuogopwa. Mama alishughulika na karamu na wageni wake. Hata uzeeni Shaftesbury alishindwa kuyakumbuka maisha yake ya utotoni bila uchungu. Akiwa na miaka 7 alipelekwa shule ya bweni, na huko alikuta matusi, uchafu na mapigo. Mtoto aliogopa kwenda shule, na aliogopa vile vile kurudi nyumbani likizo.

Katika nyumba hiyo, mtu mmoja alimwona. Maria Millis alikuwa amemtumikia mama yake tangu kabla hajaolewa, na sasa alisimamia kazi za nyumba. Alimpakata mtoto huyu, akamsimulia habari za Biblia, akamfundisha sala ya kwanza aliyoijua. Ashley aliendelea kuisali sala hiyo hata alipokuwa mzee. Maria alifariki Ashley akiwa bado mvulana mdogo, na katika wosia wake alimwachia ile saa.

Mama mwenzangu, tusipite hapa haraka. Maria Millis hakuwahi kuhutubia bunge. Hakupata kujua kwamba mtoto aliyempakata angekuja kubadili sheria za nchi. Alifanya kazi yake tu, na juu ya kazi akaongeza upendo. Msichana anayetusaidia kazi nyumbani anatumia saa ngapi na watoto wetu kila siku? Sisi wenyewe je, tunatumia saa ngapi? Na huyo msichana tunamtendeaje?

JENEZA LILILOANGUKA

Akiwa na miaka kama 14, Ashley alisoma katika shule ya Harrow, mahali ambapo watoto wa wakubwa husoma mpaka leo. Siku moja akiwa barabarani karibu na shule alisikia kelele na nyimbo za ulevi. Watu wanne au watano walitokea kwenye kona wakiyumba, nao wamebeba jeneza. Lilikuwa jeneza la maskini. Hakuna jamaa aliyefuata nyuma, wala aliyelia. Wabebaji wakateleza, jeneza likaanguka chini, nao wakaanza kutukana.

Kijana akasimama pale ameduwaa. Aliona kwamba mtu anaweza kufanywa hivyo kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa maskini na hakuwa na wa kumtetea. Baadaye alieleza kwamba siku hiyo ndipo alipoamua kuyatumia maisha yake kuwatetea wasio na mtetezi.

Wengi wetu tumeona mambo ya kuhuzunisha tukiwa vijana, tukaapa, kisha tukasahau. Yeye hakusahau.

MHAFIDHINA WA NAMNA GANI?

Ashley aliingia bungeni mwaka 1826 akiwa na miaka 25. Alikuwa mhafidhina, na tuseme wazi kwamba alikuwa mhafidhina wa kweli kweli. Alipenda Kanisa, ufalme na desturi za wazee. Alitaka siku ya Bwana iheshimiwe. Mabadiliko makubwa ya siasa yalimtia hofu. Mwaka 1832 aliupinga muswada wa kupanua haki ya kupiga kura. Mwaka 1871 ndiye aliyesimama katika Baraza la Malodi kutaka muswada wa kura ya siri ukataliwe, na siku hiyo ukakataliwa.

Basi mtu angetegemea kwamba mhafidhina kama huyo atakaa upande wa matajiri. Yeye alifikiri vingine. Kwake kuhifadhi hakukuwa kuhifadhi mali za wakubwa peke yake. Alisema kwa maneno na vitendo kwamba kitu cha kwanza cha kuhifadhiwa katika nchi ni familia. Nyumba ambayo mama hayupo mchana kutwa, na watoto wako kiwandani tangu alfajiri, hiyo imekwisha kubomolewa, hata kama bendera inapepea na kengele za kanisa zinalia. Mhafidhina anayeiacha nyumba ya maskini ibomoke anahifadhi nini?

Kazi yake ya kwanza bungeni ilihusu wagonjwa wa akili. Mwaka 1827 kamati ya bunge, naye akiwa mjumbe, ilichunguza nyumba walikofungiwa maskini wenye ugonjwa huo London. Walikuta wagonjwa wamefungwa minyororo vitandani juu ya majani makavu tangu Jumamosi mpaka Jumatatu, wakiwa katika uchafu wao wenyewe, ili watunzaji wapate kupumzika. Jumatatu walioshwa nje kwa maji ya baridi. Ashley hakutegemea taarifa za karatasi, alikwenda mwenyewe kuona. Aliwekwa katika tume ya kusimamia nyumba hizo mwaka 1828, baadaye akawa mwenyekiti wake, na hakuiacha kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1885. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 57 ya kazi isiyo na sifa, kwa ajili ya watu wasioweza hata kumshukuru.

MKE ALIPOULIZWA

Mwaka 1830 Ashley alimwoa Emily Cowper, ambaye nyumbani walimwita Minny. Ndoa hiyo iliwashangaza wengi, kwani ukoo wa bibi arusi ulikuwa wa chama cha upinzani, tena ukoo wa anasa na mzaha. Lakini Emily alikuwa mwanamke wa moyo mwema, na wawili hawa walipendana kwa dhati muda wote wa miaka 42 ya ndoa yao. Mungu aliwajalia watoto kumi, wavulana sita na wasichana wanne.

Mapema mwaka 1833, kasisi mmoja aliyetumwa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo kaskazini mwa nchi alimjia Ashley. Mbunge aliyekuwa akiwatetea, Michael Sadler, alikuwa ameshindwa katika uchaguzi. Walitaka mtu wa kuubeba muswada wa kuzuia watoto na vijana wasifanye kazi zaidi ya saa kumi kwa siku. Watoto wa miaka sita, saba na minane walikuwa wakisimama mbele ya mitambo saa 12 au zaidi. Waliosinzia walichapwa. Wengine walikua miguu imepinda.

Ashley hakujua lolote juu ya viwanda. Aliomba muda wa kufikiri na kusali, kisha akarudi nyumbani kwa mke wake. Hakumficha kitu. Alimweleza kwamba akiikubali kazi hii, atachukiwa na matajiri, marafiki watamkimbia, na vyeo vilivyokuwa vikimngoja havitakuja. Walikuwa na mtoto mdogo, na fedha zao hazikuwa nyingi.

Emily alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwamba ni wajibu wake, matokeo wamwachie Mungu, na aende mbele mpaka ashinde.

Akina mama, jibu hilo lilimgharimu Emily. Mwaka 1841 Waziri Mkuu Robert Peel, wa chama chao wenyewe, alitaka kumpa Ashley nafasi katika nyumba ya kifalme. Peel hakuwa tayari kuunga mkono saa kumi, kwa hiyo Ashley akakataa. Mwaka 1855 aliitwa kuwa waziri, akakataa pia, ili asifungwe mdomo. Maisha yao yote walikuwa na jina kubwa na madeni makubwa. Hatusikii popote kwamba Emily alimlaumu.

CHINI YA ARDHI

Mwaka 1840 Ashley aliliomba bunge liunde tume ya kuchunguza kazi za watoto mahali ambapo sheria haijafika. Taarifa ya kwanza, iliyohusu migodi ya makaa ya mawe, ilitoka Mei 1842. Waliojua kwamba waheshimiwa hawasomi taarifa ndefu walitia picha ndani yake. Nchi nzima ikashtuka.

Picha zilionyesha wanawake na wasichana wakitambaa kwa mikono na magoti katika njia nyembamba, mkanda kiunoni, mnyororo umepita katikati ya miguu, nyuma wanavuta kigari cha makaa. Mama mmoja wa miaka 37 alieleza jinsi alivyovuta namna hiyo kutwa nzima, maji yakimpita juu ya viatu, na mahali pa mteremko akijishikilia kwa kamba. Wengine walifanya kazi hiyo wakiwa na mimba mpaka siku ya uchungu. Mama mwingine alisema alijifungua humo humo mgodini, akampandisha mtoto juu akiwa ndani ya sketi yake.

Halafu walikuwepo watoto wadogo, kazi yao kufungua na kufunga milango ya hewa gizani. Msichana wa miaka minane aliwaambia wakaguzi kwamba anaingia saa 10 alfajiri, wakati mwingine saa 9 na nusu, na kutoka saa 11 jioni. Kazi haikumchosha, alisema, ila anakaa bila taa na anaogopa. Kukiwa na mwanga huimba. Kukiwa na giza hathubutu kuimba.

Tarehe 7 Juni 1842 Ashley alisimama bungeni akasema kwa muda wa saa mbili hivi. Hakupiga kelele. Alisoma tu maneno ya watoto na akina mama wenyewe. Waheshimiwa walionekana wakifuta machozi. Alipoketi, Richard Cobden, mtu wa upande mwingine aliyekuwa akimpinga sana, alivuka ukumbi akaja kumshika mkono.

Wenye migodi hawakulia. Katika Baraza la Malodi walijitahidi kuudhoofisha muswada. Ashley alitaka wavulana wa chini ya miaka 13 wasiingie mgodini, wao wakapunguza mpaka miaka 10. Hata hivyo, Agosti 1842 sheria ilipita. Tangu hapo mwanamke au msichana yeyote alikatazwa kufanya kazi chini ya ardhi.

Haki inatudai tuseme na hili. Si kila mwanamke alishangilia siku hiyo. Wengine walitegemea ujira huo kulisha watoto, na sheria iliwatoa mgodini bila kuwapa kazi nyingine. Wapo waliovaa nguo za kiume ili warudi kwa siri. Ni funzo kwa watunga sheria wa nchi yoyote: ukimwondolea mama mzigo wenye chakula chake ndani, uwe umefikiri chakula hicho atakipata wapi.

MIAKA KUMI NA MINNE KWA SAA KUMI

Mambo ya viwandani yalichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1833 serikali ilileta sheria yake yenyewe, pungufu kuliko alivyotaka Ashley. Watoto wa chini ya miaka 9 walikatazwa katika viwanda vingi vya nguo, wa miaka 9 hadi 13 wakapewa saa 9 kwa siku, na wakaguzi wanne wakateuliwa. Sheria ya mwaka 1844 iliwaingiza wanawake katika ulinzi, lakini kwa saa 12. Kila mara Ashley alirudi na muswada wake wa saa kumi, na kila mara ulikataliwa.

Mwaka 1846, ushindi ulipokuwa karibu, alifanya jambo ambalo wanasiasa wachache hulifanya. Wapiga kura wa Dorset, wengi wao wenye mashamba, walikuwa wamemchagua alinde ushuru wa nafaka kutoka nje. Ashley alikuwa ameanza kuamini kwamba ushuru huo hauwezi kuendelea. Hakuona kuwa ni uaminifu kukaa katika kiti chao huku akipiga kura kinyume cha yale waliyomtuma. Kwa hiyo alijiuzulu.

Mwaka uliofuata, 1847, muswada wa saa kumi ukapita. Aliyeuleta alikuwa John Fielden, mwenye kiwanda mwenye huruma. Ashley aliyeusumbukia miaka 14 hakuwa hata ndani ya ukumbi. Alifurahi kama mtu aliyeona mtoto wake akipona, wala hakujali nani atasifiwa.

Hata baada ya hapo wenye viwanda walitafuta mianya. Mwaka 1850 Ashley alikubali masikilizano: nusu saa iliongezwa kwa siku, lakini saa za kufungua na kufunga zikawekwa wazi ili udanganyifu ukome, na Jumamosi kazi ikamalizika saa 8 mchana. Baadhi ya wafanyakazi walimwita msaliti. Alinyamaza akaendelea. Na ile Jumamosi mchana ikawa, kwa akina mama wengi, wakati wa kufua, kupika na kukaa na watoto wao.

WATOTO WA DOHANI

Kwa muda mrefu nyumba za Uingereza zilikuwa na dohani nyembamba, na wavulana wadogo walipandishwa ndani kuondoa masizi. Waliungua, walikwama, wengine walikosa hewa wakafa. Sheria ya kuwakataza ilipitishwa mwaka 1840, na nyingine mwaka 1864, lakini watu waliipuuza, wakiwemo wenye nyumba nzuri waliokwenda kanisani kila Jumapili.

Mwaka 1875 mvulana aitwaye George Brewster alipandishwa katika dohani ya hospitali karibu na Cambridge. Alikwama. Ukuta ulivunjwa akatolewa, lakini akafa muda mfupi baadaye. Shaftesbury, ambaye alikuwa Baraza la Malodi tangu baba yake alipofariki mwaka 1851, alikuwa na miaka 74. Alisimama tena. Sheria ya mwaka huo iliwataka wasafisha dohani wote wawe na leseni na ikawapa polisi kazi ya kuwafuatilia. Ndipo mtindo huo ulipokoma.

Yote haya aliyafanya pamoja na kazi nyingine nyingi. Tangu mwaka 1844 aliongoza umoja wa shule za bure za watoto waliovaa matambara, ambao shule nyingine ziliona aibu kuwapokea. Wachuuzi wa mikokoteni, wale ambao sisi tungewaita machinga, walimpenda mpaka wakampa punda wa zawadi. Na kuanzia mwaka 1851 mpaka kufa kwake alikuwa rais wa chama kikubwa cha Biblia cha Uingereza. Ni katika miaka hiyo ambapo chama hicho kilichapa vitabu vya kwanza vya Biblia katika Kiswahili chetu. Kwa njia hiyo kazi yake ilitufikia hata sisi.

HAKUWA MALAIKA

Tusimfanye malaika. Alikuwa mwepesi wa kuudhika na mara nyingi alizama katika huzuni. Florence Nightingale, mama wa wauguzi, alisema kwamba kama Shaftesbury asingejitolea kurekebisha nyumba za wagonjwa wa akili, yeye mwenyewe angekuwa ndani ya mojawapo. Juu ya kura alikosea, na wakati umeonyesha hivyo. Maskini aliowapenda aliogopa kuwapa sauti, na labda hakufikiri kwamba siku moja wangeweza kujisemea wenyewe.

Tena adui zake walikuwa na swali moja la kumchoma: mbona vibarua wa mashamba ya baba yako huko Dorset wanaishi vibaya kuliko watu wa viwandani? Lilikuwa swali la haki. Mwaka 1843 alisimama mbele ya wenye mashamba wa Dorset akawakemea hadharani, na jambo hilo lilimgombanisha na baba yake. Aliporithi mashamba mwaka 1851 alikuta nyumba za vibarua zinatia aibu na deni limejaa. Aliuza picha za thamani za ukoo ili ajenge nyumba mpya. Juu ya hayo, msimamizi wake alimwibia kwa miaka mingi. Lakini nyumba alizijenga, na shule pia.

NYUMBANI KWAKE

Mtoto aliyelelewa bila upendo aliweza kuwapenda watoto wake. Alicheza nao, alisali nao, aliwaandikia barua. Wakati huo huo alionja uchungu ambao wengi wetu tunaujua. Francis alifariki mwaka 1849 akiwa na miaka 16. Maurice, aliyekuwa na kifafa, alifariki mwaka 1855. Mary alifuata mwaka 1861. Oktoba 1872 Emily mwenyewe akafariki, na miezi miwili tu baadaye binti yao Constance. Mzee alibaki miaka 13 bila Minny wake, na katika miaka hiyo ndipo alipomaliza ile kazi ya dohani.

Alifariki tarehe 1 Oktoba 1885 mjini Folkestone. Ibada ilifanyika katika kanisa la Westminster Abbey, na wakubwa wote walikuwepo. Lakini waliosimama barabarani walikuwa watoto wa zile shule za matambara, wachuuzi, wasichana wauza maua, wafanyakazi wa viwandani. Taifa lilitaka azikwe hapo hapo Westminster pamoja na mashujaa. Yeye alikuwa ameagiza azikwe kijijini kwao Dorset, karibu na mke wake.

Mwaka 1893 chemchemi ya ukumbusho wake ilifunguliwa Piccadilly Circus, katikati ya London. Juu yake pana sanamu ya kijana mwenye mabawa na upinde. Watu wengi wanaopiga picha hapo hawajui kwamba imewekwa kwa heshima ya mbunge.

SISI JE?

Msomaji mpendwa, tunapofika wakati wa uchaguzi, wagombea hutujia akina mama kwa wingi. Huleta khanga, sukari na maneno matamu. Wengi husema wanaipenda familia. Habari za Shaftesbury zinatupa maswali ya kuwauliza. Je, ulikwenda mwenyewe kuona wanavyoishi wale unaowasemea? Je, umewahi kukataa cheo kwa sababu ya dhamiri? Je, vibarua wako unawalipaje? Mkeo akiulizwa, atasema nini?

Lakini swali kubwa zaidi linatuhusu sisi wenyewe. Sisi akina mama tunaikumbuka sana Mithali sura ya 31 kwa sababu ya mke mwema. Mara nyingi tunasahau jinsi sura hiyo inavyoanza. Inaanza na mama anayemfundisha mwanawe mfalme awatetee wasioweza kujisemea. Mbunge wa kesho yuko jikoni kwako leo, anakula ugali huku kamasi zinamtoka. Pengine si wako wa kumzaa. Pengine ni wa dada yako, au wa jirani anayeshinda sokoni. Mtu fulani atamfundisha sala yake ya kwanza, na kumwonyesha kwamba maskini ni mtu.

Lady Shaftesbury mwenye jumba hakuipata nafasi hiyo, kwa kuwa aliiacha. Maria Millis aliichukua. Hakuacha mali yoyote ya maana isipokuwa saa, na saa hiyo ilikaa mfukoni mwa mbunge mpaka siku aliyokufa.

KWA VIKUNDI VYA AKINA MAMA

1. Emily alimwambia mumewe aende mbele ingawa alijua watakosa fedha na vyeo. Wewe ungemjibu nini?

2. Ni akina nani katika mtaa wetu wanaofanya kazi bila mtu wa kuwasemea? Je, mmoja wao yuko nyumbani kwangu?

3. Shaftesbury alisubiri miaka 14 kwa muswada mmoja. Ni jambo gani jema tulilolianza katika kikundi chetu tukaliacha mapema?